Maumivu yanahitaji ushahidi?

Mwaka jana nilifuta jina la binti mmoja kwenye daftari la kikundi chetu cha vijana. Kila mwezi alikosa siku tatu, nne. Nikamwambia, "Hata mimi naingia mwezini, na niko hapa." Hakujibu. Alijifunga kanga yake akaondoka.

Baadaye mama yake akanieleza. Miaka mitano binti anatapika kwa maumivu, hata foleni ya maji inamshinda. Waliambiwa ni kawaida, akizaa yataisha. Mwishowe daktari wa hospitali ya rufaa akataja jina: endometriosisi.

Ni tishu zinazofanana na zile za ndani ya mfuko wa uzazi, ila zinaota nje yake: kwenye ovari, mirija, hata utumbo. Zinaleta uvimbe na makovu. Shirika la Afya Duniani linasema unagusa karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi. Si laana, wala si malipo ya uhuni. Dawa ya kuumaliza kabisa haipo, lakini dawa za maumivu, za homoni na upasuaji husaidia. Na picha ya ultrasaundi inaweza kutoka safi wakati mgonjwa anaumwa kweli.

Sasa, tuamini maumivu tusiyoyaona? Wengine watasema wavivu watajificha humo. Sawa, yupo atakayedanganya. Lakini pima hasara. Nikimwamini mwongo, nimepoteza siku moja ya kazi. Nikimkataa mgonjwa, nimemwongezea aibu juu ya maumivu, na kesho hatasema tena kwa mtu yeyote. Atakaa miaka bila matibabu.

Na sisi wakimbizi tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Wengi wetu tumekaa mbele ya meza tukaulizwa: una ushahidi gani kwamba ulikimbia? Nyumba iliyochomwa usiku haitoi cheti. Siku ile tulitaka neno letu litoshe. Mbona neno la binti yetu halitutoshi?

Nilimfuata nyumbani, nikamwomba msamaha. Jina lake limerudi daftarini, na amenikubalia niandike haya bila kumtaja. Siku zikimbana anatuma ujumbe: "Leo siwezi." Inatosha.

Mama, binti yako akianguka kila mwezi, usimwambie avumilie tu, mpeleke kwa daktari. Nawe muuguzi, kabla ya kumpa vidonge, muulize: yameanza lini?