Neno Linalouzwa Pamoja na Jozi

Wengi wetu hatujauona mjozi. Ni mti mkubwa wa nchi zenye majira ya baridi, wenye kivuli kizito, na tunda lake, jozi (wala si jozi ya viatu tunayoitaja kila siku), huja sokoni kwetu mara chache, likiwa limekauka ndani ya ganda gumu. Lakini tumeuchagua mti huu kwa makusudi, maana swali tulilo nalo mwezi huu laonekana wazi kwake kuliko kwa mahindi au maharagwe. Swali ni hili: mtu auzapo chakula na kusema kwamba kimelimwa kwa kilimo hai, yampasa kumwambia mnunuzi mambo mangapi? Je, yatosha asiseme uongo, au yampasa pia kuiondoa dhana ambayo mnunuzi ameijenga mwenyewe moyoni mwake?

Twende kwanza California, huko Marekani, kwa kuwa karibu jozi zote za biashara za nchi ile hutoka jimbo hilo, katika bonde kubwa la mito Sacramento na San Joaquin. Wako wenye mashamba makubwa wanaouzia viwanda, na wako wenye eka chache wanaopeleka jozi zao wenyewe kwenye masoko ya wakulima mijini. Hao wa pili ndio tunaowawaza. Mkulima wa namna hiyo hupanda mche uliopandikizwa, akaungojea miaka mitano au zaidi kabla haujamletea mavuno ya maana. Kisha huanza vita. Wakati wa mvua za majira ya kuchipua, ugonjwa wa bakteria huyatia weusi matunda machanga, nayo hupukutika. Yuko nondo, ambaye kiwavi wake hupenya mpaka kwenye kiini. Na katika kiangazi huja nzi atagaye mayai ndani ya ganda la nje, lile la kijani. Funza wake hulila ganda hilo likawa jeusi na tepetepe, na weusi ule huchafua ganda gumu, na pengine kiini chenyewe hunyauka na kugeuka rangi. Jirani yake mwenye dawa kali hupuliza, akalala usingizi. Yeye mkulima wa kilimo hai hana ruhusa hiyo.

Basi hufanyaje? Njia moja yatupendeza kuisimulia. Hutundika mitini vitu vidogo vyenye harufu kama ile ya nondo jike, hata shamba zima likajaa harufu hiyo, na dume akawa anazunguka huku na huku asimwone mwenzake. Hakuna kilichouawa, ila ndoa haikufungwa. Pengine hupaka majani na matunda udongo mweupe laini uitwao kaolini, nzi asipendezwe kutua. Lakini juu ya ugonjwa wa bakteria hupuliza dawa ya shaba, na juu ya nzi hutumia chambo chenye dawa itokanayo na bakteria wa udongo. Dawa hizi mbili zaruhusiwa katika kilimo hai, kwa masharti. Shaba, kwa mfano, isitumiwe hivi kwamba ikalimbikizana ardhini.

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Mwanamke wa mjini afika mezani pa mkulima, ashika jozi mkononi, asoma kibao kisemacho “kilimo hai”, na kuuliza, au hata asiulize, maana moyoni ameshasadiki kwamba mti ule haukupulizwa kitu chochote tangu kupandwa kwake. Sheria haikusema hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990, ambayo kanuni zake zilianza kutumika kwa ukamilifu Oktoba 2002, yasema kwamba shamba lisitiwe vitu vilivyokatazwa kwa muda wa miezi 36 kabla ya mavuno. Kwamba mkulima aandike kila alitendalo. Kwamba mkaguzi aje kila mwaka. Haikusema kwamba bomba la kupulizia litupwe. Mkulima ajua hayo. Mnunuzi hayajui. Na bei ya juu anayoitoa, aitoa kwa ajili ya lile asilolijua sawasawa.

Swali hili ni la zamani sana. Cicero, mwanasheria wa Rumi, katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia habari za mfanyabiashara aletaye nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyu ajua kwamba merikebu nyingine nyingi zimo njiani zaja na nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Wanafalsafa wawili wabishana. Diogenes wa Babeli asema kwamba muuzaji yampasa kutaja kasoro zile tu ambazo sheria ya nchi yamwamuru kuzitaja; kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, asema kwamba mnunuzi asikose kujua lolote alijualo muuzaji. Naye Cicero aamua upande wa mwanafunzi.

Sisi twaona kwamba Antipater alidai mno katika habari ya nafaka, na Diogenes alidai kidogo mno katika habari kama hii ya jozi. Watu wa Rhodes wangeweza kupanda mlimani wakatazama bahari, au wakawauliza mabaharia wengine. Bei ya mahali pengine ni jambo ambalo mnunuzi aweza kulitafuta kwa miguu yake mwenyewe, wala hatumlaumu sana muuzaji asiyemtangazia kwamba meza ya tatu kutoka hapo wanauza kwa bei nafuu. Lakini mambo yaliyoupata mti mwaka jana, asubuhi fulani, kabla jua halijapanda, mnunuzi atayatafuta wapi? Ulimi wake hautamwambia. Jozi iliyokaa miaka miwili ghalani hujishtaki yenyewe, maana kiini chake kina mafuta mengi, na mafuta yale yakizeeka hugeuka uchungu. Mtu akidanganywa leo, kesho hatarudi. Jozi iliyopulizwa na isiyopulizwa zaweza kuwa na ladha moja. Shahidi ni mmoja tu, naye ndiye anayepokea fedha.

Kwa hiyo twaona kipimo ni hiki. Muuzaji na ajiulize: dhana hii ya mnunuzi ikiondolewa, je, atatoa bei ile ile? Kama atatoa, basi kunyamaza ni kunyamaza tu, wala hakuna haja ya kumchosha mtu kwa hotuba juu ya udongo na nondo. Kama hatatoa, basi kila senti iliyozidi imelipwa kwa kitu kisichokuwamo katika mfuko. Haidhuru mkulima hakukisema kwa kinywa chake. Alikiona kikipita mbele ya macho yake, akakipokea.

Tumekwisha kusikia majibu ya wakulima wenyewe, na majibu yao si ya kudharauliwa. Husema: “Nikisema ‘shaba’, mama yule ataondoka, atakwenda kununua kwa mwenzangu aliyepuliza shaba ile ile, naye amefunga mdomo. Ukweli wangu utamtajirisha mnyamavu.” Jambo hili ni kweli, na twalikiri kwa uchungu. Mara nyingi ukweli hupunguza mapato, na mtu mwenye watoto na deni la mashine ya kukaushia hawezi kuambiwa kwamba hasara yake ni kitu kidogo. Twajibu hivi tu, kwamba sentensi moja yatosha: “Tulipuliza shaba mara mbili wakati wa mvua, kwa ruhusa ya kanuni, dawa kali hatutumii.” Wako watakaoondoka. Watakaobaki wamenunua kile kile alichokuwa nacho.

Juu ya bei yenyewe hatuna maneno mengi. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara, aliikataa kanuni ya wafanyabiashara ya kuuza ghali kadiri wawezavyo, akataka muuzaji atazame lililo haki, pamoja na gharama yake na taabu yake. Kwa kipimo hicho mkulima wa jozi hana sababu ya kuona haya: avuna pungufu, aokota zilizooza kwa mkono, na maji ya maganda yampaka vidole weusi usiotoka kwa sabuni. Apate malipo ya taabu hiyo.

Lakini kanuni za Marekani zina mlango mmoja mdogo unaotufikirisha. Mkulima ambaye mauzo yake ya kilimo hai hayazidi dola 5,000 kwa mwaka halazimiki kuwa na cheti wala kukaguliwa kila mwaka. Hana ruhusa ya kutumia muhuri wa serikali, ila aweza kulitumia neno, mradi afuate kanuni zile zile. Mwenye miti michache nyuma ya nyumba yumo humo. Wengine husema kwamba hatari yake ni ndogo kwa kuwa fedha ni ndogo. Wala vyeti peke yake havikuzuia makubwa: mtu mmoja wa Missouri aliuza tangu mwaka 2010 mpaka 2017 nafaka ya zaidi ya dola milioni 142, sehemu kubwa yake akiiita ya kilimo hai nayo siyo, mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 10. Karatasi zilikuwapo.

Kwetu Afrika ya Mashariki kanuni za kilimo hai zilikubaliwa mwaka 2007, na alama yake huitwa Kilimohai. Kwa kuwa mkaguzi wa mbali ni ghali kwa mwenye eka moja, viko vikundi ambamo wakulima hukaguana wenyewe kwa wenyewe. Twaipenda njia hii, maana jirani ajua bomba limetundikwa wapi, na asubuhi gani lilisikika likifanya kazi. Ila jirani pia ni shemeji, ni mdai, ni mtu tutakayehitaji ng'ombe wake wakati wa kulima, na wengi watanyamaza kwa haya kuliko kwa hila.

Turudi kwa yule mwenye mijozi. Tuseme yuko mwaka wa pili wa kungoja. Amekwisha kuvuna mara mbili kwa taabu ya kilimo hai na kuuza kwa bei ya kawaida, kwa kuwa muda haujatimia. Agosti nzi wanakuja wengi, naye usiku mmoja apuliza dawa iliyokatazwa katika miti ya pembeni, safu tatu. Hapana aliyemwona. Akiliandika jambo hilo katika daftari lake, miezi 36 ya miti ile yaanza kuhesabiwa upya tangu asubuhi ile, na jozi zake zitakwenda kwa bei ya kawaida msimu baada ya msimu. Daftari li mezani, na kalamu anayo yeye.