Dishi la Pili

Mzee alinunua dishi la pili kabla ya kujua la kwanza lina kasoro gani. Nyumba yake ni ya kubuni, nimeijenga kwa vipande vya nyumba nyingi za pwani, lakini makosa yaliyomo yanafanyika kila siku, na kwa pesa za watu.

Tuiweke kaskazini mwa Malindi, si mbali na Ngomeni, kwenye bahari ambamo Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi la San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Watu wa huko wana desturi ya kutazama juu, na Mzee aliwapita wote. Alikuwa karani wa hoteli ya ufukweni enzi zile kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, na intaneti yote ya hoteli ilipita kwenye dishi kubwa lililosimikwa uani. Setilaiti yake ilikuwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka: safari nne za namna hiyo hula karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga, na hakuna fundi awezaye kuzifupisha. Karani akajifunza jambo ambalo wakati ule lilikuwa kweli kabisa, kwamba mtandao ukikokota, tatizo liko angani.

Akastaafu na somo hilo. Dishi alilojinunulia, dogo na bapa, linazungumza na setilaiti zilizo kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini, kwa hiyo ule umbali wa zamani haupo tena. Mwezi wa kwanza nyumba nzima ilifurahi. Kisha nyumba ikajaa: binti anasoma chuo kwa mtandao, vijana wawili wanacheza mpira wa kwenye skrini, wapangaji wa vyumba vya uani wamechangia ada ili nao waunganishwe, na kila jioni Mama anampigia dada yake aliyeolewa Muscat. Hazikupita wiki nyingi, simu ya Muscat ikawa inakatika kila ikifika saa moja.

Mzee akalipia kifurushi kikubwa zaidi. Kulipokuwa hakuna nafuu, muuzaji mmoja akamshauri anunue vikuza mawimbi, akaweka vitatu, kimoja baada ya kingine, hadi vyumba vya uani. Kikuza cha bei nafuu husikiliza na kurudia maneno yaleyale kwenye masafa yaleyale, na kila kinaporudia, wengine wote hunyamaza. Chumba cha mwisho kilikuwa kinapata mabaki ya mabaki. Mwishowe likaja dishi la pili na ruta yake, ikachomekwa kwenye mtandao uleule, na ruta mbili zikaanza kugombea nani agawe anwani kwa vifaa. Siku hiyo hata redio ya intaneti ya jikoni ilinyamaza.

Aliyekuja kuwatoa hapo ni mpwa wake kutoka Mombasa, msichana anayesomea mitandao, na kweli hakuja kwa kazi hiyo. Alikuja likizo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wakati mzuri. Hizi setilaiti zao zimechoka."

"Mjomba, ruta iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya kabati la chuma, imefungiwa kwa kufuli ili watoto wasiiguse. Msichana hakucheka, nami namsifu kwa hilo. Aliomba ufunguo na kebo moja. Akachomoa kila kitu, akaacha dishi la kwanza na laptopu yake tu, akapima: kupakua megabiti 140 kwa sekunde, kupakia 12, jibu kurudi ndani ya milisekunde 40. Kifurushi kile cha mwanzo, bila nyongeza yoyote, kingewatosha.

Tena akaanza kurudisha vifaa, kimoja kimoja, akipima kila mara. Sehemu hii ndiyo watu hawaipendi kwa kuwa inachosha, lakini haina mbadala. Binti akarudishwa na masomo yake, hakuna neno. Vijana na mchezo wao, hakuna neno. Mchezo ambao kila mtu nyumbani aliulaumu ulitumia data kidogo kuliko vyote. Zilipochomekwa kamera nne za ulinzi, ile 12 ya kupakia ikabaki 4.

Kila kamera ilikuwa ikituma nje megabiti mbili kwa sekunde, usiku na mchana, ikiyapiga picha majani ya mnazi. Nane kwa jumla, yaani karibu gigabaiti 86 kila siku. Zile nne zilizobaki ziliishia saa moja jioni, simu za wapangaji zilipofika nyumbani na kuanza zenyewe kuhifadhi picha za mchana kutwa mtandaoni. Hapo jibu la milisekunde 40 likawa linachukua zaidi ya 900, muda mrefu kuliko lile dishi la hoteli la zamani.

Wengi hutazama kasi ya kupakua peke yake, kwa sababu ndiyo inayotangazwa. Lakini kila unachopakua hudai risiti irudi kwa aliyetuma, na risiti hiyo hupita njia ya kupakia. Njia hiyo ikijaa, ni kama kivuko cha Likoni siku malori ya mchanga yanapoachwa yatangulie: mama mwenye kikapu kimoja naye anangoja zamu, ingawa mzigo wake haulemei chombo. Mmarekani Jim Gettys aliligundua jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010, alipokuwa akituma mafaili makubwa na kuona intaneti ya nyumba nzima inadorora. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha kanuni ya kuzuia foleni za namna hiyo, CoDel, na leo imo katika ruta ambazo bei yake haifiki robo ya dishi. Wauzaji hawaitaji, labda kwa kuwa haina taa ya kuwaka.

Dawa yenyewe haikuchukua muda. Kamera zikaelekezwa kwenye mashine ya kurekodia iliyo ndani ya nyumba, simu zikapangiwa kuhifadhi picha saa saba usiku, ruta ikatolewa kabatini ikapewa kanuni ya foleni, na kebo ikafukiwa hadi uani badala ya vikuza mawimbi, maana kuta za mawe ya matumbawe hazina huruma na waifai. Dishi la pili likasitishiwa ada. Mzee alibishania kamera tu. Alitaka kuiona nyumba yake akiwa Mambrui. Wakakubaliana azifungue mwenyewe anapotaka kutazama, si zijitume saa zote.

Si kwamba anga halijai. Starlink, yenye setilaiti za chini kama hizo, ilianza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, na mwishoni mwa 2024 ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya wa nyumbani Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa nafasi ya eneo hilo ilikwisha. Kwa hiyo msichana alimwachia mjomba wake laptopu kuukuu na ile kebo, na agizo moja: mtandao ukizorota, apime kwanza akiwa amechomeka kwenye ruta, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa.

Mwezi wa tano, katikati ya masika, simu ya Muscat ikakatika tena. Mama akasema fundi aitwe. Mzee akachomeka kebo, akapima: kupakua 9. Akatoka barazani, akaona wingu zito limefunika upande wote wa bahari, akarudi ndani kumwambia mkewe ampigie dada mvua ikipita. Saa tatu walizungumza hadi wakachoka.