Wimbo wa Kwanza wa Mtoto

Barabara itokayo Tabora kwenda kusini hupita Sikonge, hufika Ipole, kisha hugawanyika: mkono mmoja huelekea Mpanda, mwingine hukata misitu ya miombo hadi Rungwa. Ni nchi ya mizinga ya nyuki na ya safari ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamoravian walikuwa na vituo vya misheni Kitunda, Sikonge na hapa Ipole, baada ya kuipokea Urambo kutoka kwa Jumuiya ya Misheni ya London mwaka 1898. Kwa hiyo swali la muziki wa shuleni likiulizwa Ipole, linaulizwa uani kwa kanisa ambalo limelifikiria kwa karne nyingi: asiyejua kitu aanze kufundishwa nini?

Tuseme shule moja ya Ipole imepelekewa fidla ishirini, chelo nne na besi moja. Watoto hawajawahi kushika upinde. Watapiga wimbo gani kwanza?

Wachapishaji wa vitabu vya muziki wanalo jibu. Wale wa Marekani hupanga nyimbo za okestra za shule kwa madaraja, kuanzia daraja la nusu hadi la 6. Bodi ya mitihani ya Uingereza iitwayo ABRSM, iliyoanzishwa 1889, ina madaraja 8, na mpaka leo watoto wa Nairobi huifanyia mitihani. Wimbo wa ngazi ya chini kabisa hukaa kwenye nyuzi mbili, katika ufunguo wa D, wala haugusi kidole cha nne. Mapigo yake ni sawasawa, hayamshtui mtu. Mwalimu anafungua kasha, anagawa karatasi, kazi inaanza.

Kinachosumbua ni kwamba nyimbo nyingi za namna hiyo zilitungwa ili zipitwe. Hakuna mtu mzima ambaye angeomba apigiwe mmojawapo harusini au msibani. Zipo kwa ajili ya wimbo wa mbele yake, na huo nao upo kwa ajili ya ule unaofuata. Hapo uchaguzi wa mwalimu wa muziki unakuwa jambo la imani, maana mtu anayemchagulia mtoto wimbo wa kwanza amekwisha kuamua mtoto ni nani: ni mtu kamili aliyepo leo, au ni malighafi ya mtu atakayekuja?

Jan Amos Komenský, aliyeishi kuanzia 1592 hadi 1670, alikuwa askofu wa mwisho wa lile Kanisa la Ndugu la zamani la Bohemia na Moravia, ambalo Wamoravian wa leo hujihesabu kuwa uzao wake. Vita vya dini vilimtoa kwao, akafia uhamishoni Amsterdam. Katika Didactica Magna, iliyochapishwa 1657, na katika Orbis Pictus, kitabu chake cha picha cha 1658, alishikilia kwamba mtoto aanzie kwenye kilicho karibu naye, katika lugha ya mama, na chepesi kitangulie kigumu. Mwaka 1659 alitoa pia kitabu cha nyimbo za kanisa. Lakini kwa Komenský hatua hazikuwa mbinu ya darasani tu. Aliamini kwamba watu wote, maskini kwa tajiri, wake kwa waume, wafundishwe mambo yote, kwa sababu wote wameumbwa kwa sura ya Mungu. Ngazi iliwekwa ili asiwepo wa kuachwa chini. Madaraja ya siku hizi yameichukua ngazi; ile sababu yake haisikiki sana.

Na fidla si kitu kigeni katika kanisa hilo. Huko Bethlehem, Pennsylvania, Wamoravian waliunda kundi lao la wapiga ala mwaka 1744. Mmoja wa vijana wa mji ule, John Antes, alichonga fidla kwa mikono yake mwaka 1759. Baadaye alitumwa Misri kama mmisionari, na mwaka 1779 watu wa mkuu mmoja mwenye cheo cha bey walimkamata wakampiga nyayo wakitaka fedha. Akiwa huko Misri alitunga vipande vya fidla mbili na chelo, ambavyo vilichapishwa London. Alikuwa mmisionari Afrika, mgonjwa wa miguu, akiandika muziki wa nyuzi. Huku Unyamwezini sauti iliyoshika mizizi makanisani ni ya kwaya na ya matarumbeta, lakini mtoto wa Ipole akiinua fidla leo hajavuka mpaka wa kanisa lake.

Basi turudi kwenye vidole, kwa kuwa hapo ndipo neno “rahisi” hupimwa. Fidla ina nyuzi nne: G, D, A na E. Uzi wa D ukipigwa bila kushikwa unatoa do. Kidole cha kwanza kinatoa re, cha pili mi. Uzi wa A ukipigwa mtupu unatoa so, na kidole chake cha kwanza la. Do, re, mi, so, la: sauti tano, na mkono umetumia vidole viwili tu. Fa ndiyo inayodai kidole cha tatu, tena kikiwa kimebanana na cha pili, kwa kuwa kati ya mi na fa pana nusu-sauti. Mtoto anayeanza hupata taabu kweli hapo. Kidole kinateleza, fa inapanda, okestra nzima inachachuka. Sasa ile tuni ya Kifaransa ya karne ya 18 ambayo mfuasi yeyote wa mbinu ya Shinichi Suzuki ya kufundisha fidla huanza nayo, kuanzia Japani hadi Marekani, ina fa ndani yake. Wimbo wa sauti tano zisizo na nusu-sauti, kama zilivyo nyingi za nchi za maziwa makuu, hauna. Kwa kipimo cha vidole peke yake, wimbo wa namna hiyo ni mwepesi kuliko ule ambao dunia imeukubali kuwa wa kwanza.

Tena wepesi wenyewe ni wa mapatano. Wapiga fidla wa muziki wa Kiarabu mara nyingi hulegeza nyuzi mbili za juu ili fidla isome G, D, G, D, na papo hapo kilichokuwa kigumu kinakuwa chepesi, na kinyume chake. Katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, mwanafunzi anafundishwa fidla kwa ajili ya taarabu, na ngazi anayoipanda ni ya maqam za muziki wa Kiarabu, haifanani na ngazi ya London. Wagogo nao, majirani wa Unyamwezi kwenye njia ya zamani ya misafara, wana zeze, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Marehemu Hukwe Zawose aliipeleka zeze kwenye majukwaa ya dunia. Sauti mojawapo ya muziki wa Kigogo hutokana na mwangwi wa asili wa uzi, nayo huangukia mahali ambapo utepe anaoubandika mwalimu kwenye shingo ya fidla haupaonyeshi. Utepe ukifuatwa, Mgogo atasikia wimbo wake umepinda.

Vitabu vya madaraja vinapima mkono. Sikio havilipi uzito sawa. Mtoto wa Ipole ambaye mkono wake una siku moja na fidla ana sikio lenye miaka kumi: limelala na kuamka na ngoma, limesikia kwaya ikigawanya sauti nne Jumapili, na huenda limezoea noti za herufi za do re mi kuliko mistari mitano. Mfumo huo wa herufi ulienezwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 kwa ajili ya shule za Jumapili za watu wa kawaida, nao ndio elimu ya muziki ya wanakwaya wengi wa Tanzania. Akipewa karatasi ya mistari mitano na tuni asiyoijua, mtoto huyo anageuzwa mjinga kwa siku moja. Akipewa wimbo anaoujua, sikio lake linausahihisha mkono bila mwalimu kusema neno. Abu Hamid al-Ghazali, alipoandika juu ya usikilizaji wa muziki katika Ihya Ulum al-Din, alieleza kwamba muziki hauingizi moyoni kisichokuwamo; hukitikisa kilichomo. Waislamu wa Tabora wanamjua mwanachuoni huyo, na mwalimu wa muziki, awe wa dini yoyote, angefaa kumsoma kabla ya kufungua kasha la vitabu.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma sekondari Tabora, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu ya msingi isiwe maandalizi ya sekondari tu, kwa sababu watoto wengi hawatafika huko. Iwe elimu kamili yenyewe. Maneno hayo yanaingia moja kwa moja kwenye okestra ya shule. Wengi wa watoto wale ishirini na tano hawatafika daraja la 3. Mmoja atahamia Mpanda na wazazi, mwingine atavunja uzi na uzi mwingine usipatikane. Wimbo wa kwanza unaweza kuwa ndio wa mwisho. Kumpa mtoto huyo zoezi lisilo na uso wala jina, kwa ahadi ya uzuri utakaokuja baadaye, ni kumdhulumu.

Hata hivyo hoja hii ina hatari yake. Ikisukumwa mbali, inakuwa kizuizi: mtoto wa Ipole apige cha Ipole, na Bach abaki kwa watoto wa mjini. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanza Korogocho, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 2000, ulikataa jambo hilo. Watoto wanaoishi karibu na dampo la Dandora hupiga muziki wa Ulaya katika okestra, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia kwamba si wao. Komenský aliposema kilicho karibu kitangulie, hakusema mtu aishie hapo. Wamisionari nao walijifunza jambo hili polepole. Huko Mbozi, Mmoravian Traugott Bachmann alifika mahali akawahimiza Wanyiha kumwimbia Mungu kwa tuni zao, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulikubali. Kwa lugha ambazo toni ya neno hubeba maana, kama ilivyo katika Kinyamwezi, hilo lilikuwa jambo la kueleweka au kutoeleweka. Tuni ya Kijerumani hushusha sauti mahali neno linapotaka ipande. Fidla haina vizuizi shingoni, kwa hiyo inaweza kuufuata mpando na mshuko wa neno kama koo linavyofanya.

Nyimbo zenyewe hazikosekani. Mtafiti Erich von Hornbostel alichapisha nyimbo za Wanyamwezi kwa noti katika jarida la Anthropos tangu mwaka 1909. Lakini kabla ya kuzichukua, mwalimu akaulize kwa wazee. Kuna nyimbo za vyama kama Bayeye, wachezeshaji nyoka, ambazo zina wenyewe na zina masharti. Kuukata wimbo wa namna hiyo kutoka kwenye kazi yake na kuufanya somo la kidole cha pili ni kosa la adabu, na kwa wenye wimbo ni kosa la dini.

Njia ya kutoka katika mvutano huu imo katika umbo la nyimbo za ile njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo walikuwa na kirangozi aliyetangulia na kuanzisha wimbo, na msafara mzima uliitikia. Mzoefu na mgeni walikuwa ndani ya wimbo mmoja. Tofauti yao ilikuwa sehemu aliyoibeba kila mtu. Mtunzi Benjamin Britten alifanya jambo linalofanana na hilo katika Noye’s Fludde, mchezo wa kanisani juu ya gharika ya Nuhu uliopigwa kwa mara ya kwanza Orford, Uingereza, mwaka 1958. Aliziandikia fidla za watoto sehemu za ngazi mbalimbali, na wale wa chini kabisa mara nyingi wanapiga nyuzi tupu, bila kidole hata kimoja, huku wataalamu wakipiga kando yao. Hakuna anayesubiri daraja lijalo ili aingie safinani. Ngazi imewekwa ndani ya wimbo, na wimbo wenyewe ni mzima tangu siku ya kwanza.

Kwa Ipole hilo linamaanisha mwalimu akae na kalamu, maana kasha la mchapishaji halina kitu kama hicho. Achukue wimbo wa kuitikizana ambao wazee wameuruhusu. Kiitikio kiende kwa fidla za wanaoanza kwenye do, re, mi, so na la. Chelo na besi zishike nyuzi tupu, na kirangozi awe mtoto mmoja aliyewatangulia wenzake au mwalimu mwenyewe. Wimbo wa pili uwe wa mbali, wa kanisa la kina Antes, ili mlango usifungwe.

Kisha kuna alfajiri ya Pasaka, ambapo Wamoravian hukusanyika makaburini na matarumbeta hupigwa. Watoto wa fidla watataka kuwamo. Tarumbeta nyingi ni za B-bemoli na wapigaji wake hupenda funguo za bemoli, ambazo ndizo zinazomtesa mwenye fidla anayeanza. Okestra ya watoto ikibaki kwenye D, mpiga tarumbeta atalazimika kupiga katika ufunguo wa dizi nne, nao haumpendezi hata mzoefu. Mtu mmoja lazima ahame. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wenye nguvu wauchukue udhaifu wa wasio na nguvu, na kwa maandiko hayo watakaohama ni wazee wa matarumbeta. Wanahitaji kuambiwa mapema, wiki kadhaa kabla ya Kwaresima kwisha, ili wapate muda wa kufanya mazoezi.