Njia ya Kwenda Mtoni

Maji ya mto ni ya nani? Swali hili aghalabu hujibiwa upesi, na jibu lake halina wapinzani wengi: ni ya watu wote. Sheria ya Kirumi, iliyokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6, iliyahesabu maji yatiririkayo pamoja na hewa na bahari kuwa vitu visivyo na mwenyewe mmoja. Mapokeo ya Kiislamu, ambayo pwani ya Afrika Mashariki imeyajua kwa karne nyingi, huwafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 juu ya usimamizi wa rasilimali za maji nayo yasema kwamba maji ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Basi shauri limekwisha, mtu aweza kusema. Lakini mtu huyo na ateremke Ifakara akiwa na wavu mkononi, aulize njia ya kwenda penye samaki. Hapo ataona kuwa shauri halijaanza hata kidogo.

Ifakara imekaa katika bonde la Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge. Mito mingi huingia katika bonde hilo: Lumemo upitao karibu na mji wenyewe, Mngeta, Kihansi, Mpanga, Mnyera na Ruhudji. Wakati wa masika mto mkubwa hufurika, na mtumbwi huelea juu ya mahali ambapo miezi michache nyuma jembe lilikuwa likilima. Wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma, yakaacha ndimi nyembamba, vinamasi, na matete yaliyomzidi mtu kimo. Katika ramani mto una kingo mbili. Mtu aliyesimama pale aweza asiione hata moja. Aweza kutembea nusu ya siku akiyasikia maji upande wake wa kushoto, asipate pahali pa kuteremshia chombo. Hapa pana tope la kumeza mguu hadi gotini, pale pana mpunga wa mwenyewe, na njia iliyo safi kuliko zote, iliyonyoka kwenda majini kana kwamba imefyekwa na watu, ni njia ya kiboko.

Watu wa pwani huita diko pahali ambapo vyombo hufika na samaki hushushwa. Watu wa Ziwa Viktoria huita mwalo. Kwa jina lolote ni kitu kidogo: hatua chache za ardhi ngumu, mteremko usioteleza, na mti wa kufungia kamba. Hata hivyo haki yote ya maji hukanyaga hapo. Wanasheria wa Kirumi waliliona jambo hili kwa jicho la kushangaza. Walikubali kwamba ukingo ni mali ya mwenye shamba lililopakana nao, na miti iliyomo ni yake. Lakini matumizi ya ukingo walisema ni ya watu wote, hata mwanamaji aliweza kufunga kamba yake kwenye mti wa mtu na kushusha mzigo wake bila ya kuomba. Uingereza ilifuata njia nyingine. Katika mito yake mingi isiyofikiwa na maji ya bahari, haki ya kuvua huandamana na umiliki wa ardhi, na maskini aweza kuvuka daraja lilelile maisha yake yote akiwatazama samaki chini yake, asiwe na ruhusa ya kutupa ndoana.

Na diko peke yake halitoshi, kwani mtu haendi majini kwa miguu. Wandamba, ambao tangu zamani ni hodari wa makafi na upondo katika bonde hilo, walisafiri kwa mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja. Gogo la namna hiyo hutoka katika mti mkubwa, na mti mkubwa humea msituni. Kwa hiyo njia ya kwenda mtoni huanzia mbali na mto. Mwanahistoria Jamie Monson ameliandika jambo hili katika kitabu Custodians of the Land cha mwaka 1996, alipochungua uchongaji wa mitumbwi ya Kilombero kati ya mwaka 1920 na 1940. Serikali ya kikoloni kwa mkono mmoja iliubana msitu, na kwa mkono mwingine ilitaka chakula, hasa mpunga. Nao mpunga wa bonde ulihitaji mitumbwi ili ufike sokoni. Amri ya kuzuia mti, ambayo haikutaja mto wala samaki, yaweza kumfungia mvuvi mto mzima.

Sheria za siku hizi zina ugumu wa aina yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo ziliwekwa kwa ajili ya kuyahifadhi maji, lakini zingeweza pia kuwa njia ya watu wote, ingekuwa ardhi yake si nyeusi na nzuri kwa mpunga kiasi kile. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Na mwaka 2023 sehemu ya bonde ikatangazwa kuwa pori la akiba, na katika pori la akiba mtu haingii ila kwa kibali. Sababu za hifadhi si za kubuni. Bonde hilo ni mojawapo ya maskani makuu ya sheshe, na maji yake ni zaidi ya nusu ya maji yapelekwayo na Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Kulinda si dhuluma. Lakini yapo mambo yanayomfanya mtu kusita. Katika mito ya Mnyera na Ruhudji wageni kutoka nchi za mbali wamekuwa wakija kuvua kwa ndoana samaki mkali mwenye meno kama ya mbwa, wakampiga picha, kisha wakamrudisha majini. Mmoja hulipa fedha nyingi kwa samaki asiyemla. Mwingine, jirani wa mto, hutafuta samaki wa chungu. Mpaka uliowekwa kwa hekima huacha diko upande wa pili. Mpaka usioacha hata moja umechukua mto wote, hata kama katika karatasi umechukua nusu.

Mpaka hapa hoja inaelekea upande mmoja: fungueni njia. Lakini yako maji ambayo njia yake haikufungwa na serikali wala na mwenye shamba. Yamefungwa na ulimi wa mwenyeji.

Mvuvi wa zamani ajua kilindi ambacho hakikauki mwezi wa Oktoba. Kambale waweza kuvumilia katika maji mafupi yenye tope, kwa kuwa huvuta hewa juu ya maji, na perege nao hujikusanya penye kina. Mvua zikinyesha na mto ukapanda, kambale hutawanyika mbugani kutaga. Kwa hiyo kilindi kimoja cha Oktoba ni mbegu ya samaki wa mbuga nzima ya Machi. Siku moja ya nyavu za macho madogo yatosha kukimaliza. Mgeni akiuliza yule mzee, “Babu, samaki wako wapi?” naye akamwonyesha diko, akamwazima kafi, akanyosha kidevu kuelekea chini ya mto huku kilindi kiko juu, je, amemdhulumu?

Yaonekana hakumdhulumu, na hapo ndipo diko na kilindi huachana. Diko halipungui kwa kutumiwa. Mitumbwi kumi ikifungwa pale, ardhi yabaki ngumu ileile. Kumnyima mtu diko ni kumnyima fungu lake katika kitu cha wote. Kilindi hupungua. Kukitangaza kwa kila mtu ni kuwanyima watoto wa wote hao. Haki humpa mgeni njia ya kufika majini, mtu wa kumwambia palipo na kiboko, na ukweli juu ya hatari. Haimpi hesabu ya kila shimo lenye samaki.

Atakuja mtu mkali aseme kwamba siri ya namna hii ni choyo kilichovaa kanzu. Neno lake lina uzito, maana historia imejaa watu waliowahifadhia wenzao mali wakaila wenyewe. Kipimo kipo, nacho ni chepesi kukitaja: je, anayekificha kilindi naye hukiacha? Akirudi pale usiku na migono yake, basi hakuwa mlinzi. Alikuwa na shamba lisilo na hati. Akikipita kiangazi kizima bila kutupa wavu, na nyumbani kwake wanakula mboga, siri yake ni ya namna nyingine kabisa.

Lakini nani atakipima kipimo hicho? Mgeni hawezi, katika mwaka wake wa kwanza hajui hata mto unapopinda. Ofisa mwenye kibali na muhuri yuko mbali. Wawezao ni wale washukao pamoja naye alfajiri. Samaki wa kilindi huenda wakatoka wakubwa kuliko wa mto wakati huo wa mwaka, na mvuvi mzoefu huenda akamtambua kambale wa tope kwa kumtazama. Mzee akiwashusha wawili watatu wa namna hiyo mwezi wa Oktoba, hapana atakayemwuliza neno asubuhi ile. Lakini aliyemwazimia mtumbwi ataangalia ndani ya kapu, na kesho yake atamwangalia tena. Diko likifungwa, au likawa la mtu mmoja, samaki hao watapita matetení gizani, na hakuna atakayejua kilindi kilikwisha lini.