Taji Linyaukalo na Bei Isiyoshuka

Somo: 1 Wakorintho 9:24–27



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za wapiga mbio, hakutafuta mfano wa mbali. Karibu na mji wao, mahali paitwapo Isthmo, palifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na watu wa miji mingi walikusanyika kuitazama. Mshindi alivikwa kichwani taji la majani. Siku ya ushindi majani yale yalikuwa mabichi. Baada ya siku chache yalikuwa takataka. Walakini Paulo hawadharau wapiga mbio wale. Asifu kujizuia kwao, kisha atuuliza: ikiwa mtu aweza kuutiisha mwili wake hivyo kwa ajili ya majani, yatupasaje sisi tulioahidiwa taji lisiloharibika?

Katika siku zetu hakuna mchezo ukusanyao watu kama mpira wa miguu. Mwaka 2020 Mbwana Samatta, mzaliwa wa Dar es Salaam, alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, nchi nzima ilishangilia, nasi tulishangilia pamoja na wengine. Tangu hapo vijana wengi zaidi hutamani kuufanya mpira kuwa kazi yao, na wazazi huwauliza wachungaji na wainjilisti: Je, kazi hii yamfaa Mkristo? Na mwisho wake ni nini? Twaona vema kujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, mtoto wa nyumba ya mhubiri, aliyeifanya kazi hiyo mapema kuliko karibu Waafrika wote.

Mtu huyo ni Arthur Wharton. Alizaliwa mwaka 1865 huko Jamestown, katika mji wa Accra, nchi ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast, nayo leo ni Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Wamethodisti aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante. Alipokuwa kijana alipelekwa Uingereza asome, apate kuwa mmisionari kama baba yake, akaingia chuo cha Cleveland katika mji wa Darlington. Huko ndiko watu walikoona wepesi wa miguu yake. Mwezi wa Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge, London, alipiga mbio yadi 100 kwa sekunde 10, akawa bingwa wa Uingereza. Na mwaka uliofuata akaushika ubingwa ule tena.

Katika mpira alikuwa golikipa, yaani mlinda lango. Kazi hiyo zamani zile ilitaka ushujaa, kwa maana kanuni ziliwaruhusu washambuliaji kumkumba golikipa kwa mabega yao. Aliichezea timu ya Preston North End, nayo mwaka 1887 ikafika nusu fainali ya Kombe la FA. Chama cha mpira cha Uingereza kilikuwa kimeruhusu wachezaji kulipwa mshahara tangu mwaka 1885 tu. Mwaka 1889 Wharton akatia sahihi kwa Rotherham Town, awe mchezaji wa kulipwa. Na wengi humhesabu kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kuifanya kazi hiyo. Kazi ya umisionari aliyotumwa kuisomea hakuishika.

Mwaka 1894 alichukuliwa na Sheffield United. Walakini timu ile ilikuwa na golikipa mwingine, William Foulke, mtu mkubwa wa mwili na mwenye sifa nyingi, na Wharton alipata nafasi chache tu. Baadaye akapita katika timu ndogo ndogo, Stalybridge Rovers na Ashton North End, akamaliza na Stockport County mwaka 1902. Alikuwa na umri wa miaka 36, umri ambao mkulima bado ana nguvu zake, na fundi seremala ndiyo kwanza ameijua vema kazi yake. Ndipo yule aliyekuwa mwepesi kuliko watu wote wa Uingereza akaishia kuwa kibarua wa machimbo ya makaa ya mawe huko Edlington, katika jimbo la Yorkshire, kazi yake kuyahudumia magari yachukuayo makaa. Alikufa mwezi wa Desemba 1930, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe wala jina.

Ndugu, katika habari hii twaona mambo matatu.

Jambo la kwanza: miguu myepesi ni kipawa cha Mungu. Tulipofundishwa Katekisimo Ndogo, katika kifungu cha kwanza cha Imani, tulijifunza kukiri ya kuwa Mungu ndiye aliyetupa mwili na viungo vyake vyote. Basi miguu imo katika hesabu hiyo. Tena Martin Luther alifundisha ya kuwa kazi ya mshona viatu na ya mama anyonyeshaye ni wito mbele za Mungu, sawasawa na kazi ya mhubiri, ikiwa yafanywa kwa imani na kwa kumfaa jirani. Kwa hiyo hatuthubutu kusema ya kuwa Wharton alipotea kwa sababu alishika mpira mahali pa kitabu cha mahubiri. Mchezaji ajizuiaye na ulevi, alalaye mapema, atiiye mwalimu wake, asiyemvunja mwenziwe mguu kwa hila, wala kupokea fedha ya siri ili timu yake ishindwe, huyo aweza kumtukuza Mungu uwanjani. Mzazi asimpige mtoto kwa sababu apenda mpira. Amwulize tu: Waucheza kwa ajili ya nani, nawe wajifunza nini zaidi ya huo?

Jambo la pili: ulimwengu humpima mchezaji kwa bei, na bei hiyo huegemea miguu yake. Mwaka 1905 Middlesbrough ilimnunua Alf Common kutoka Sunderland kwa paundi 1,000, na watu walistaajabu kwamba mwanadamu aweza kuuzwa kwa fedha nyingi hivyo. Mwaka 2017 Paris Saint-Germain ilimtoa Neymar katika Barcelona kwa euro milioni 222. Wala fedha hizo za kuhamishwa hazikuwa mshahara wa mchezaji. Tangu mwaka 1901 hata 1961 Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwekea mshahara mpaka, nao ulianza kwa paundi 4 kwa juma. Na zamani zile timu iliweza kumzuia mchezaji asiende kwingine hata mkataba wake umekwisha. Desturi hiyo ilipingwa mahakamani, na katika nchi za Umoja wa Ulaya hukumu ya mwaka 1995, katika shauri la Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji, ilimpa mchezaji aliyemaliza mkataba ruhusa ya kwenda zake pasipo timu kulipwa kitu. Sheria zimekuwa njema zaidi, na mishahara ya wachache imekuwa mikubwa mno. Lakini jambo moja halikubadilika: goti likivunjika, bei hushuka, kijana mwepesi zaidi akija, bei hushuka, mwili ukizeeka, bei hukoma.

Hapa twafika penye kiini cha neno letu. Moyo wa mwanadamu hudhani ya kuwa Mungu naye hununua na kuuza hivyo. Twafikiri: nikifanya vema juma hili, Mungu ataniweka katika timu, nikianguka, ataniacha nje. Huo si Injili. Mtume Petro asema ya kuwa tulikombolewa kwa damu ya Kristo, ya thamani kuliko dhahabu na fedha, na katika kifungu cha pili cha Imani Katekisimo yetu yatufundisha neno lilo hilo. Bei hiyo ililipwa tulipokuwa dhaifu, hatuna ushindi wowote wa kuonyesha. Nayo haishuki. Haikushuka Wharton alipotoka uwanjani mwaka 1902, wala aliposhuka machimboni na uso wake ukafunikwa na vumbi la makaa. Kijana ajuaye bei hiyo aweza kucheza kwa moyo wake wote pasipo kuufanya mpira kuwa mungu wake. Naye siku atakapoachwa na timu, atalia, lakini hatapotea.

Jambo la tatu latuhusu sisi sote tulio katika usharika. Maelfu walimpigia Wharton makofi. Siku ya kuzikwa kwake hakuna aliyemwekea jiwe, na kaburi lilikaa hivyo miaka 67. Mwaka 1997 watu wa Sheffield wapingao ubaguzi katika mpira walichanga fedha, wakaliwekea jiwe lenye jina lake. Na mwaka 2014 sanamu yake ikasimamishwa St George's Park, mahali timu za taifa za Uingereza zifanyapo mazoezi. Twashukuru kwa hayo. Walakini jiwe halimlishi mtu aliye hai. Wakati wa kumkumbuka ulikuwa ule wa miaka ya machimbo, alipokuwa bado aweza kuisikia salamu.

Je, sisi twatenda tofauti? Yuko mwinjilisti mzee aliyefundisha wabatizwa miaka 30. Sasa macho yake hayaoni maandishi, naye hakai tena mbele. Ni nani aliyebisha hodi kwake mwezi huu? Yuko mama aliyekuwa wa kwanza katika kutoa sadaka shamba lake lilipozaa. Sasa shamba limegawanywa, na jina lake halisomwi. Yuko kijana aliyeshangiliwa na kijiji kizima kila Jumamosi. Akaumia, naye sasa aketi barazani mchana kutwa, na rafiki zake wamepata mwingine wa kumshangilia. Timu ya mpira humwacha mtu asiyeweza tena kukimbia, nayo haikuahidi zaidi. Lakini usharika ni mwili wa Kristo, na mwili hauutupi mkono wake kwa sababu umeumia. Tukiwapima watu kwa yale watupayo, tumefanya kanisa kuwa soko, nasi tumeisahau bei tuliyonunuliwa kwayo.

Kwa hiyo twawasihi. Ninyi wazazi, mwacheni mtoto acheze, lakini asiache shule, tena ajifunze kazi ya mikono, ili siku miguu ikichoka asiwe mtu asiye na njia. Ninyi wainjilisti, msiwafukuze vijana wa mpira kwa maneno makali. Nendeni uwanjani, mjue majina yao, mkawafundishe kifungu cha pili kwa mfano wa bei, nao watafahamu upesi kuliko wengi. Ninyi wazee wa usharika, andikeni majina ya wale waliokuwa na nguvu zamani na sasa hawana, mkagawane nyumba za kuzitembelea kabla ya mwezi kwisha. Nanyi vijana, pigeni mbio vema, mkijua ya kuwa majani ya taji hunyauka, na ya kuwa yuko mmoja awajuaye kwa majina, jiwe likiwepo au lisiwepo.

Bwana Yesu Kristo, aliyetununua kwa bei kubwa, atulinde katika nguvu zetu na katika udhaifu wetu. Amin.