Tulimfundisha Kunyamaza

Kisa hiki ni cha mtaani kwetu Sahare, hapa Tanga mjini. Wenyewe wameniruhusu nikisimulie mradi nisiwataje, na nakisimulia kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Jirani yangu ni mstaafu. Alipoibiwa pampu ya maji mara ya pili, mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimletea mbwa aina ya pitibuli, kifua kipana, shingo nene, umri wake miezi 5. Wakamwita Tyson. Jioni ileile tulikwenda kumtazama, na mimi ndiye niliyetangulia kusema kwamba wezi sasa wamepata kiboko yao.

Hakuna aliyeuliza miezi ile 5 ilipitaje. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikulia kwenye banda la uani, hajui njia, hajui watoto, hajapata kuona baiskeli. Mtoto wa mbwa huzoea dunia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu kuzaliwa. Anachokutana nacho kwa wema siku hizo humkalia rahisi ukubwani, na asichokutana nacho aghalabu huja kumtisha. Tyson alikuwa ameshaupita umri huo, kisha akaletwa Tanga, mji wa baiskeli.

Aliyeishi hapa anajua. Tangu alfajiri wachuuzi wa samaki hupita wakitokea Deep Sea, tenga limefungwa nyuma kwa mpira, kidole kwenye kengele. Wanafunzi, mafundi, watu wa sokoni, wote wako juu ya baiskeli. Na Tyson alifungwa mnyororo getini kabisa, ili aonekane.

Siku za mwanzo, kengele ikilia alijificha nyuma ya pipa la maji. Tulimcheka, tukasema mbwa gani huyu mwoga. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza, na tuliiona kwa macho yetu. Kisha pipa likahamishwa na mnyororo ukafupishwa. Alipokosa pa kukimbilia akaanza kuruka mbele na kubweka. Baiskeli ikapita zake, kama ambavyo ingepita vyovyote vile, lakini yeye akaelewa kwamba ameifukuza. Kesho yake akaruka kwa nguvu zaidi. Sisi tukafurahi kwamba amekuwa mkali, kumbe ni hofu ileile ya nyuma ya pipa, imepata meno.

Watoto nao walimrushia mawe kupitia nafasi za geti wakitoka madrasa. Sikuwakataza. Huku pwani tunakua tukijua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na anayejitenga naye kwa sababu hiyo hana kosa. Lakini kujitenga ni jambo moja na kumpiga mawe kiumbe aliyefungwa ni jambo lingine, na dini hiyohiyo inatusimulia habari za mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani na kumtekea maji kwa kiatu chake. Ilinipasa nitoke niwaambie wale watoto. Nilikaa barazani nikinywa kahawa.

Ishara ya pili ilikuja kwenye sahani. Jirani alipomkaribia akiwa anakula, mbwa alikakamaa, akaganda mdomo ukiwa ndani ya chakula, akanguruma chini kwa chini. Jirani akarudi nyuma, akanigeukia: “Sasa huyu nimfanyeje?” Nikamjibu bila kufikiri: “Mpige. Ukimwachia leo, kesho atakung'ata wewe.” Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akamchapa. Kila alipongurumia sahani, mpira. Kila alipongurumia baiskeli, mpira. Haikupita wiki tatu Tyson akaacha kabisa kunguruma, nami nikampa jirani mkono wa hongera.

Nimeurudia mkono ule moyoni mara nyingi sana. Mngurumo ni mbwa anasema: hapo ulipofika panatosha. Ni adabu yake ya mwisho kabla ya meno. Sisi tulimwadhibu kwa kusema, tukaacha kilichomsemesha palepale kilipokuwa, tukamwongezea na maumivu kila baiskeli ilipotokea. Ni kama kung'oa kengele kwenye baiskeli isiyo na breki.

Nawe usidhani mbwa aliyenyamazishwa hana ishara nyingine. Tyson alikuwa anazitoa mchana kutwa. Alilamba pua wakati hakuna chakula. Alipiga miayo ilhali hana usingizi. Mtu akimsogelea aligeuza uso pembeni huku jicho likibaki kwa mtu, weupe wake ukionekana kama mwezi mchanga. Alikuwa akihema mdomo wazi, mara anaufunga ghafla, mwili wote umekazana. Na mkia: aliuinua juu, umekakamaa kama fimbo, akautikisa upesiupesi. Tulisema amefurahi. Mkia wa furaha huwa chini kidogo, umelegea, na kiuno chote hucheza nao. Ndugu msomaji, kama unafuga mbwa, leo jioni kaa umwangalie kwa nusu saa bila kumwita. Utaona mengi.

Ikafika asubuhi ya Ijumaa moja. Kijana anayetuletea vibua alisimama getini, mama mwenye nyumba akatoka na sahani. Usiku mnyororo ulilegea, hakuna aliyekagua. Kijana akainama kuchagua samaki, mgongo ameuelekeza getini. Mbwa alikuja bila sauti yoyote. Alimshika kwenye misuli ya mguu, chini ya goti, na hakuachia mpaka alipomwagiwa ndoo nzima ya maji.

Hata baada ya hapo tulikosea tena. Mmoja alikuja na majivu, mwingine akataka kufunga jeraha kwa kitambaa. Kinachotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Na Tyson hakuwa amechanjwa. Mwaka mzima tulimtazama, tukamsifu, tukampa ushauri mwenye naye, na hakuna hata mmoja aliyeuliza cheti cha chanjo. Kijana alichomwa sindano zake zote, kwa gharama ya jirani, na mbwa akawekwa chini ya uangalizi siku 10 asionyeshe dalili. Alhamdulillahi.

Mtaa ukataka mbwa apigwe risasi. Wengine wakasema ni damu, mbwa hawa ndivyo walivyo. Ni kweli kwamba mababu zao kule Uingereza walifugwa ili wawakamate fahali, katika mchezo ambao sheria iliupiga marufuku mwaka 1835, na baadaye wakapiganishwa wao kwa wao. Lakini mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ukaonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza asilimia 9 tu hivi ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Mwaka 2007, kule Marekani, mbwa karibu 50 wa mchezaji wa soka la Kimarekani Michael Vick walichukuliwa kutoka kwenye uwanja wa kupiganisha mbwa. Watu wengi walidhani mbwa hao watauawa wote. Wengi wa mbwa hao waliokolewa, wakatunzwa kwa subira, na kadhaa waliishia kulala sebuleni mwa watu. Taya Tyson alizirithi, na taya zile hufanya kosa la mfugaji liwe ghali. Hofu ya baiskeli aliipata Sahare, kwetu.

Aliyemwokoa ni ofisa mifugo mmoja, binti aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alikaa barazani akatusikiliza wote, kisha akauliza: “Samahani ami, kabla hajang'ata, alikuwa ananguruma?” Jirani akamjibu: “Alikuwa ananguruma, tukamwachisha.” Yule binti alinyamaza kidogo. Akanitazama na mimi. Sikuwa na la kusema.

Ndipo akatueleza habari za panyabuku wa Morogoro. Pale Sokoine shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya hao tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Hawapigwi. Panya akipatia husikia mlio mdogo, “tik”, kisha hupewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza. “Kama panya anaelewa,” alisema, “mbwa wenu ataelewa.”

Jirani alisita. Alikuwa amesikia, kama nilivyosikia mimi, kwamba mbwa ni lazima aonyeshwe nani mkubwa. Maneno hayo yalitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, waliochunguzwa na Mswisi Rudolph Schenkel mwaka 1947. David Mech, Mmarekani aliyeyaeneza katika kitabu chake cha 1970, alikuja kuwaona mbwamwitu wa porini wakiishi kama wazazi na watoto wao, akayakana hadharani na kumwomba mchapishaji aache kukitoa kitabu chake mwenyewe. Kama mtaalamu wa kiwango hicho alirudi nyuma, sisi wa barazani tunaona haya ya nini?

Kazi yenyewe ilikwenda polepole. Mbwa akachanjwa. Akahamishiwa uani, geti likazibwa kwa mabati asione njia. Kikapu cha ngozi cha kumfunga mdomo kikawekwa maini ndani, mpaka akawa anakitia pua mwenyewe. Kisha, jioni, jirani alisimama naye mwisho wa kiwanja, hatua 50 kutoka njiani, amevalishwa mkanda wa kifuani. Mimi nilikuwa mtu wa baiskeli. Nilipotokeza tu, kabla mbwa hajakakamaa, jirani alipiga ulimi, “tik”, akampa kipande cha ini. Nikipotea, ini nalo linakwisha. Siku ya sita hivi, nilipotokeza, Tyson aliniona, kisha akageuka kumtazama jirani usoni, anangoja chake.

Wapo waliosema tunamzawadia ubaya wake. Chakula hakimfundishi mtu hofu, wala mbwa. Kilichobadilika ni maana ya baiskeli. Alipokakamaa, tulijua tumemsogeza haraka, tukarudi nyuma, na siku nyingine tulirudi hatua zote 20 tulizozipata kwa wiki. Asikudanganye mtu kwamba mbwa wa namna hii hupona akawa kama hakuna kilichotokea. Tyson hatoki nje bila kikapu chake, na hatatoka.

Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo tulikuwa hatua 12 kutoka njiani. Kijana wa vibua, ambaye mguu wake umebaki na kovu, alikubali kupita mwenyewe, polepole, mkono ukiwa kwenye kengele. Akaipiga. Tyson akaganda, na kutoka kifuani mwake ukatoka mngurumo, mdogo, ambao hatukuusikia kwa miezi mingi. Jirani aliinua mkono kwa mazoea.

“Usimpige, ami,” binti akasema. “Anakwambia. Mrudishe nyuma.”

Mkono ukashuka. Wakarudi hatua mbili, tatu, na mngurumo ukakatika. Kijana alisimamisha baiskeli, akauliza kutoka njiani kama apite tena.