Amana Isiyo na Ulimi

Uaminifu wa mtu haupimwi mbele ya mdai mwenye nguvu, maana mbele yake hata mdanganyifu hulipa. Hupimwa mbele ya yule asiyeweza kudai: mtoto mchanga, mgonjwa aliyezimia, mnyama aliyefungwa kamba, na mti. Katika hao wote mti ndio ulio kimya zaidi. Mtoto hulia, mgonjwa huugua, mnyama hupiga teke. Lakini mti hukatwa vibaya leo, na mwaka ujao ukatoa majani kana kwamba haukutendwa neno. Swali la insha hii ni hili: mtu mwenye mti uani kwake, na fundi anayeajiriwa kuutunza, wana wajibu gani juu ya kiumbe kisichoweza kuwashtaki?

Natutazame nchi ambako swali hili huulizwa kila mwaka. Minnesota ni jimbo la kaskazini mwa Marekani, mpakani mwa Kanada. Ni nchi ya maziwa, misitu na baridi kali. Wakati wa kipupwe maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu, na usiku mwingine baridi hupita nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Nyumba nyingi huko zimejengwa chini ya miti mirefu, ambayo huwapa wenyeji kivuli wakati wa joto na huvunja makali ya upepo wakati wa theluji. Lakini barafu na theluji nzito huyaelemea matawi, na tawi bovu likianguka huvunja paa au huua mtu. Kwa hiyo mwenye nyumba hulazimika kumwita fundi wa miti, yaani mtu ajuaye kupogoa, kutibu na kuangusha.

Mwenye nyumba huyo ni kama mgonjwa mbele ya tabibu. Yeye hajui, aliyeitwa ndiye ajuaye, na ajuaye ndiye apataye ujira. Fundi akisema kwamba mti ni mbovu, hulipwa kwa kuuangusha. Akisema kwamba ni mzima, aghalabu huondoka na kidogo au mikono mitupu. Hapo elimu na tamaa huketi katika kiti kimoja, na msikilizaji hawezi kutambua ni ipi inayosema.

Chukua mfano wa kukata kilele. Mti umerefuka, na mwenye nyumba ana hofu. Huja fundi wa bei nafuu, akakata sehemu yote ya juu kwa saa chache. Ua hupata nuru, na mwenye nyumba hufurahi. Lakini majani ndiyo jiko la mti; uliopokonywa majani umepokonywa chakula. Kwa dhiki hiyo hutoa vichipukizi vingi kwa haraka, vilivyoshika juu juu tu, na penye jeraha kuoza huanza. Baada ya miaka kadhaa vichipukizi vile vimekuwa matawi mazito juu ya shina lililooza. Hatari iliyoogopwa imerudi nayo ni kubwa kuliko ya kwanza, na fundi hayupo tena kuulizwa.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Alex Shigo, aliyeishi kati ya 1930 na 2006, alipasua maelfu ya miti ili auone moyo wake. Alionyesha kuwa mti hauponi kama nyama ya mwili iponavyo. Hauwezi kurudisha kilichoharibika. Huweza tu kujenga kuta ndani yake kuuzuia uozo usienee, kisha ukaota mbao mpya juu ya jeraha. Jeraha lenyewe hubaki ndani maisha yote. Basi kila mkato ni hukumu isiyo na rufani, na mwenye kushika msumeno amepewa madaraka makubwa kuliko aonekanavyo.

Hata wakati una hukumu yake. Mwaloni ukikatwa huko kati ya Aprili na Julai, jeraha bichi huwaita mbawakawa wadogo wanaoweza kuleta kuvu inayonyausha mti. Mwaloni wa jamii nyekundu ukiambukizwa huweza kufa kabla ya msimu kwisha. Wakati wa baridi wadudu hao hawaruki, na matawi yasiyo na majani huonekana vyema. Fundi mwaminifu akiitwa mwezi wa Juni kupogoa mwaloni usio na hatari, husema, "Ngoja hadi baridi." Neno hilo moja humpotezea ujira wa siku, na kwa neno hilo hujulikana.

Yamkini mwenye nyumba atasema, "Mti ni wangu, nitautenda nipendavyo." Ardhi ni yake, hapana shaka. Lakini mti mkuu aghalabu ulipandwa na mtu mwingine, na ukilindwa utamtia kivulini mtu ambaye hajazaliwa. Tena mti haukomi kwenye ua. Mwaka 1961 ugonjwa wa miti ya elmu ulionekana Minnesota, na katika miaka ya 1970 miji ya Minneapolis na St. Paul ilipoteza makumi ya maelfu ya miti hiyo. Kuvu ya ugonjwa ule huchukuliwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti, na tena hupita katika mizizi iliyoungana chini ya ardhi. Aliyeuacha elmu wake ufe polepole kwa kuuonea huruma, aliwapelekea jirani mauti. Hapo huruma ilikuwa kuukata mapema. Basi wajibu wetu kwa mti si kuuhifadhi daima. Wajibu ni kuutendea kwa ukweli.

Ukweli huo unahitajiwa hata leo. Mwaka 2009 mbawakawa wa rangi ya zumaridi, aliyetoka Asia, aligunduliwa katika St. Paul. Mabuu yake hula chini ya gome la miti ya eshi hata mti ukafa. Eshi ambao bado una nguvu huweza kulindwa kwa dawa inayotiwa shinani na kurudiwa kila baada ya miaka michache; ule uliokwisha kupoteza sehemu kubwa ya majani yake, dawa haiufai. Mwongo humwuzia mtu dawa ya mti uliokwisha kufa, au huuangusha ule ambao ungepona. Mkweli husema, "Umewahi," au husema, "Umechelewa."

Je, maskini afanyeje, naye fundi mwema ni ghali? Kuuliza hakuna bei. Aulize kwa nini tawi hili na si lile. Atake rai ya mtu wa pili kabla ya kuangusha. Tangu 1992 Jumuiya ya Kimataifa ya Utunzaji wa Miti hutoa cheti kwa waliofaulu mtihani wake. Aombe kukiona, akikumbuka kwamba cheti hushuhudia elimu na si moyo. Aombe pia kuona hati ya bima. Kazi hii hufanywa juu, kwa kamba na msumeno wa mashine, na wapo waangukao. Anayetafuta bei ndogo kwa fundi asiyemkinga mtumishi wake ananunua unafuu kwa mifupa ya mtu mwingine. Akikosa fedha za kazi njema, na hatari si ya leo, ni heri angoje kuliko kuharibu.

Mwajiri anadaiwa subira na maswali. Fundi anadaiwa ukweli, hata unapompunguzia ujira. Mti hautawadai lolote kati ya hayo. Utasimama kimya, ukihifadhi ndani yake kila jeraha walilolitia, mpaka siku utakapopasuliwa na mtu mwingine akaona kazi yao ilivyokuwa.